Maana ya mgogoro, na kazi yake katika mahusiano na jamii

Mgogoro ni hali inayozuka pale watu au makundi yanayotegemeana yanapotaka mambo yasiyoweza kupatikana yote kwa pamoja, au yanapoamini kwamba hayawezi. Kutegemeana ndiko kiini cha jambo. Watu wawili wasiohitajiana hawagombani. Kila mmoja hushika njia yake. Ndiyo maana migogoro hukaa zaidi kati ya mume na mke, ndugu, wafanyakazi wenza, mwajiri na mwajiriwa, raia wa nchi moja.

Wengi huuchanganya mgogoro na ugomvi au vurugu. Vurugu ni njia mojawapo tu ya kuuendesha, tena iliyo mbaya kuliko zote. Mgogoro unaweza kuishi miaka mingi bila mtu kupandisha sauti: anayebeba kazi zote za nyumba huku mwenzake akiona ni kawaida yumo ndani ya mgogoro, hata kama hajasema neno.

Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba kugombana nako ni namna ya kuhusiana. Kwake, kinachokata uhusiano ni kutojali, maana asiyejali hana hata sababu ya kubishana. Lewis Coser, aliyeyaendeleza mawazo hayo nchini Marekani mwaka 1956, alikwenda mbali zaidi: kukosekana kwa migogoro hakuthibitishi kwamba uhusiano ni imara. Anayehofia kwamba neno moja litauvunja uhusiano hulimeza. Anayeuamini husema. Kwa hiyo nyumba yenye mabishano ya mara kwa mara inaweza kuwa na msingi mzuri kuliko ile yenye kimya kizito, ambamo kinyongo hujilimbikiza hadi siku jambo dogo linapozuka na ya miaka yote yakafumuka kwa pamoja.

Kwa wenzi wa ndoa, mwanasaikolojia John Gottman aligundua jambo ambalo mimi naliona la kufariji. Kwa hesabu zake, takriban asilimia 69 ya migogoro ya wenzi ni ya kudumu, kwa sababu inatokana na tofauti za tabia na mahitaji zisizoisha. Wanaodumu pamoja wanayo pia. Wanachofanya ni kuendelea kuzungumza juu yake bila kuumizana. Kinachoashiria talaka kuliko vingine, kwa mujibu wake, ni dharau: kejeli, kubeua, kumwona mwenzako duni. Kipigo na vitisho ni suala jingine kabisa. Hapo hakuna tofauti ya kusuluhisha. Kuna mtu anayehitaji usalama kwanza.

Coser alitofautisha pia aina mbili ambazo ni vizuri kila mtu azijue. Katika mgogoro halisi, mtu anagombania kitu: mshahara, mpaka wa shamba, muda wa kupumzika. Akikipata kwa njia nyingine, ugomvi unakwisha. Katika mgogoro usio halisi, mtu anatafuta pa kutolea hasira aliyoibeba kutoka kwingine, na yeyote atakayekuwa karibu anafaa. Kuna swali linalosaidia kuzitenganisha: nikipewa sasa hivi hicho ninachodai, hasira itaondoka? Kama jibu ni hapana, ninayegombana naye huenda siye. Mataifa huangukia mtego huo huo pale watu waliobanwa na maisha wanapoelekezwa kuwachukia wageni au kabila dogo, ilhali chanzo cha shida yao kiko kwingine.

Hata katika mgogoro halisi, kugawana nusu kwa nusu siyo njia pekee. Mary Parker Follett, mwanafikra wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, alisimulia kisa cha maktaba ya Harvard: mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, Follett mwenyewe alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha jirani kilichokuwa kitupu. Mwenzake alitaka hewa. Yeye hakutaka upepo umpige moja kwa moja. Kila mmoja alipata kamili alichokihitaji, na wasingefika hapo kama mmoja angejifanya hana neno.

Katika jamii nzima, kazi ya mgogoro inashangaza zaidi. Tuchukue nchi ambayo watu wake wanatofautiana kwa dini, lugha, kipato na chama. Tofauti hizo zikikatana, mtu anayepingana nami kuhusu siasa leo kesho ni mwenzangu katika chama cha wafanyakazi, na keshokutwa tunasali pamoja. Hawezi kuwa adui yangu kwa kila jambo, na mimi namhitaji mahali pengine. Wingi wa migogoro midogo inayopishana hivyo huishona jamii. Hatari huja pale mistari yote ya tofauti hizo inapolaliana: wenye dini moja ndio wenye lugha moja, ndio matajiri, ndio wanaopigia kura chama kimoja. Hapo kila swali, hata la barabara au shule, hugeuka kuwa swali la sisi na wao, na hakuna aliyebaki katikati wa kuzungumza na pande zote mbili.

Jinsi mstari mmoja unavyoweza kuchorwa upesi ilionekana Oklahoma, Marekani, mwaka 1954. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, katika makundi mawili kambini, kisha wakawashindanisha kwa zawadi. Baada ya muda mfupi walikuwa wakichomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwakutanisha tu kwa chakula hakukusaidia, walirushiana chakula. Uhasama ulipungua walipopewa matatizo ambayo kundi moja lisingeweza kuyamaliza peke yake, kama maji ya kambi yaliyokatika na lori lililodaiwa kuwa limekwama.

Lakini maelezo yote haya yana kasoro kama hatutataja madaraka. Anayefaidika na hali ilivyo ndiye mara nyingi anayesifu utulivu, na anayelalamika huitwa mchochezi. Mwaka 1969 Johan Galtung, mtafiti wa amani kutoka Norway, alitenganisha amani ya kutokuwepo vurugu na amani yenye haki ndani yake. Nchi inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Kabla watu weusi wa Montgomery, Alabama, nchini Marekani, hawajagoma kupanda mabasi Desemba 1955, jiji lilikuwa tulivu, na utulivu huo ulikuwa umesimama juu ya sheria iliyowataka wawaachie wazungu viti. Martin Luther King, aliyeuongoza mgomo huo, aliandika kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963 kwamba waandamanaji hawakuzua mvutano. Waliuleta juu ule uliokuwa umefichwa, ili uonekane na ushughulikiwe. Montgomery mgomo uliendelea kwa siku 381, hadi amri ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoanza kutekelezwa Desemba 1956 na ubaguzi katika mabasi ya jiji hilo ukakoma kisheria.