Kuiga mionzi ya anga za juu maabarani: maana yake

Ni kukipiga kitu mionzi makusudi hapa duniani, kabla hakijarushwa, ili ijulikane kitastahimili vipi huko juu. Kipande cha plastiki, seli ya umeme wa jua au transista (kijenzi kidogo cha elektroniki) huwekwa kwenye chombo kilichoondolewa hewa, kisha huelekezewa chembe za atomi, yaani elektroni au protoni, ama miale ya gama kutoka kobalti-60, metali inayotoa mionzi. Baadaye hupimwa: kimebadilika rangi? Kikivutwa kinanyumbuka au kinakatika?

Usidhani anga nzima inahamishiwa chumbani. Wataalamu huchagua. Miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi zinazotoka mbali angani, kwa mfano, ni protoni kwa sehemu kubwa, na viini vya atomi vilivyo vizito ni kama asilimia 1 tu. Lakini kiini cha chuma kina chaji ya umeme mara 26 ya protoni, na kikipita kwa kasi ileile ya protoni huacha nishati mara 676 (26 mara 26) njiani. Huwezi kukipuuza. Ndiyo maana maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoko Brookhaven, jimbo la New York, tangu 2003 hutumia viini vya aina nyingi, vyepesi kwa vizito.

Kinachosumbua hasa ni haraka. Dozi, yaani kiasi cha mionzi, ya miaka humalizwa kwa saa au siku chache, maana hakuna wa kungoja miaka 10. Mara nyingi hilo halina neno, ila zipo transista zinazoumia zaidi dozi ileile ikija polepole. Ukizipima harakaharaka zitafaulu mtihani ambao angani zingefeli. Hewa nayo huvuruga: plastiki iliyotoka kwenye mionzi ikikutana na oksijeni hubadilika tena, na kipimo hakiaminiki.

Mfano ni darubini ya angani ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990. Wanaanga walioifikia Februari 1997 walikuta tabaka la nje la vifuniko vyake vya kuzuia joto, utando wa Teflon (aina ya plastiki) usiofika unene wa milimita 0.2, limechanika. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa mionzi peke yake haikutosha kuleta uharibifu ule. Hubble huizunguka dunia kwa kama saa moja na nusu, ikiingia kivulini na kutoka juani kila mzunguko. Elektroni na protoni zilikata minyororo ya molekuli, Teflon ikakauka na kukosa mnyumbuko. Kupata moto na kupoa bila kukoma ndiko kulikoipasua.