Konstantino hakuichagua Biblia

Ukizuka mjadala wa dini na siasa, hachelewi mtu kusema kwamba Biblia ilipangwa na mfalme wa Dola ya Roma: eti Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, mji ulio Uturuki ya leo, mwaka 325, wakapiga kura vitabu vipi vibaki na vipi vitupwe. Si kweli, na inasikitisha jinsi uzushi huu unavyorudiwa na watu wasomi kabisa.

Kilichowapeleka Nikea ni mafundisho ya Arius, padre wa Alexandria, aliyesema kuwa Mwana aliumbwa na Baba. Walizungumzia pia tarehe ya Pasaka. Kanuni 20 walizopitisha tunazo hadi leo: moja inawakataza makasisi kukopesha kwa riba, nyingine inataka waumini wasali wamesimama siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo. Vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tunavyovijua sasa, vinatajwa katika barua ya Pasaka ya Athanasius, askofu wa Alexandria, ya mwaka 367, Konstantino akiwa ameshakufa miaka 30 nyuma. Hata hapo ubishi haukuisha. Baadhi ya makanisa ya Mashariki yalisita kwa muda mrefu kuukubali Ufunuo.

Wala si Konstantino aliyeufanya Ukristo dini ya dola. Makubaliano ya Milano, mwaka 313, yaliwapa Wakristo na watu wa dini nyingine uhuru wa kuabudu, basi. Amri ya kuwataka raia wafuate imani ya Nikea ilitolewa na Theodosius, mfalme wa Roma wa baadaye, mwaka 380. Kuruhusu na kulazimisha ni mambo mawili, na kwa waliokuwa na dini nyingine tofauti hiyo haikuwa ndogo hata kidogo.

Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, naye amebebeshwa maneno yasiyo yake: kwamba wenye njaa wasiokuwa na mkate wale mkate mtamu wa siagi na mayai. Mwanafalsafa Rousseau aliiandika habari hiyo miaka ya 1760, akimtaja binti mfalme bila jina, wakati Marie Antoinette bado ni mtoto huko Vienna. Ufaransa alifika mwaka 1770.

Na zile kofia za pembe za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia? Zilienezwa na mavazi ya jukwaani, hasa ya opera za mtunzi Mjerumani Wagner zilizoonyeshwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kofia ya Kiviking iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, ni ya chuma, ina kinga ya macho, na haina pembe.