Mtoto Anapoanza Kusema "Tumefungwa"

Katika kazi yangu ya saikolojia ya makuzi ya watoto, lipo swali ambalo wazazi huniuliza mwisho wa mazungumzo, huku wakicheka kidogo, kana kwamba wanaona haya kumletea mtaalamu jambo kama hilo: nifanye nini ili mwanangu aipende timu yangu? Baadhi yao huwa wamekwisha kununua jezi kabla mtoto hajazaliwa. Mimi huwaambia kwamba jezi haina ubaya wowote, ila haifanyi kazi wanayodhani inafanya, kwa sababu mtoto mdogo haijui timu. Anayemjua ni mzazi, na kwa miaka kadhaa ya mwanzo timu kwake ni hali fulani ya mzazi huyo: sauti inayopanda ghafla, mwili unaoruka kutoka kitini, kimya kizito baada ya kipenga cha mwisho.

Tangu anapokaribia kutimiza mwaka mmoja, mtoto anayekutana na jambo asilolielewa humtazama mzazi usoni ili ajue kama ni la kufurahiwa au la kuogopwa. Ukimchunguza mtoto wa umri huo wakati wa mechi, utaona kwamba macho yake hayafuati mpira, bali yanakufuata wewe. Hapo ndipo ushabiki unapopandwa, tena bila mzazi kukusudia. Kuzoea nako kuna nafasi yake, kwa kuwa mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kupendezwa zaidi na kitu kadiri wanavyokutana nacho mara kwa mara, hata kama hakuna aliyewaeleza uzuri wake. Hata hivyo, naona kuzoea peke yake hakutoshi. Watoto wengi huzoea taarifa ya habari ya kila jioni na hawaipendi hata chembe.

Mtu mzima akiulizwa lini alianza kuishabikia timu yake, mara nyingi husema kwamba alizaliwa nayo. Kauli hiyo si majigambo matupu. Kumbukumbu za matukio ya takriban miaka mitatu ya kwanza kwa kawaida hazidumu hadi ukubwani, na kwa hiyo mapenzi yaliyoanza katika kipindi hicho hubaki bila tarehe. Kitu kisicho na mwanzo unaokumbukwa huonekana kuwa sehemu ya mtu mwenyewe, na ndiyo maana kumshauri shabiki wa namna hiyo abadilishe timu humwingia kama kumshauri abadilishe jina la ukoo.

Mzazi anayetaka kujua kama mbegu imeota asihesabu jezi, asikilize vitenzi. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu saba vya Marekani, ambao ulionyesha kwamba wanafunzi walivaa zaidi mavazi yenye alama za chuo chao baada ya timu ya chuo kushinda, na kwamba walipoulizwa kwa simu kuhusu matokeo, walijihesabu ndani ya timu katika ushindi zaidi kuliko katika kushindwa. Kwa Kiswahili tofauti hiyo yote inabebwa na silabi moja: tumeshinda, wamefungwa. Kwa hiyo mtoto anapotangaza "tumeshinda" sishtuki, maana furaha ya ushindi haihitaji uaminifu na hata mpita njia huweza kuidandia. Mtoto anapoingia chumbani ameinamisha kichwa na kusema "tumefungwa", hapo ndipo najua kwamba amekwisha kuingia.

Kwa nini kushindwa kurithishe zaidi kuliko kushinda? Nadhani ni kwa sababu katika kushindwa mtoto huona jambo ambalo ushindi hauwezi kumwonyesha: mtu mzima anayempenda amevunjika moyo, hana la kufanya, na wiki inayofuata anarudi kuketi palepale. Timu ya besiboli ya Chicago Cubs ya Marekani ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha haikuutwaa tena hadi mwaka 2016. Katika miaka hiyo 108 walikuwapo watu waliozaliwa, wakaishabikia timu, wakawarithisha watoto wao, na wakafariki bila kuuona ubingwa hata mmoja. Timu ilipofika fainali mwaka huo na hatimaye kushinda, mashabiki walijaza kuta za nje za Wrigley Field, uwanja wa nyumbani wa timu hiyo, kwa maandishi ya chaki, na mengi ya maandishi hayo yalikuwa majina ya wazazi na mababu waliokwisha kufa. Sijui mfano unaoeleza kwa uwazi zaidi ni nini hasa kilichokuwa kikirithishwa muda wote huo.

Mambo yanayoharibu urithi huu ni machache, na karibu yote hutokana na hasira. Mtoto anayefokewa kila timu inapofungwa hujifunza kuiogopa siku ya mechi, na mtoto anayesikia matusi dhidi ya refa au mahasimu huyachukua matusi pamoja na timu, kwani hana chujio la kutenganisha kimoja na kingine. Kulazimisha nako huzaa ukaidi, hasa mtoto anapofikia ujana na kuanza kutafuta mahali pa kutofautiana na mzazi bila madhara makubwa. Timu ni mahali pazuri mno kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu ni afadhali kijana akaasi hapo kuliko kwingine.

Mzazi mmoja alinieleza, kwa uchungu ambao hakuweza kuuficha, kwamba binti yake wa miaka kumi na mmoja ameichagua timu hasimu. Nilimuuliza binti huwa anaitazama wapi mechi ya timu yake hiyo. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba huitazama sebuleni, pembeni yake, wakibishana tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwambia kwamba hakuna alichopoteza, ila ajiandae, kwa sababu siku timu ya binti itakapofungwa, yeye ndiye atakayetazamwa usoni.