Kontroli boksi ya gia otomatiki: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Gari la otomatiki lenye miaka 20 likianza kushtuka kila linapobadili gia, au likang'ang'ania gia moja njia nzima, maneno huwa mengi kuliko vipimo. Mwenye gari huambiwa gia boksi imekwisha. Akisita, huambiwa basi kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoiamuru gia boksi, imeungua. Yote mawili hutokea kweli, ila mara nyingi hutamkwa kabla mtu yeyote hajashika mita. Nimeona watu wakiuza vitu vya nyumbani ili wanunue gia boksi ambayo gari halikuihitaji, na bado inaniuma.

"Gari limebaki gia moja, gia boksi imekufa."

Mara nyingi haijafa, inajilinda. Kontroli boksi ikikosa taarifa za sensa ya mwendo, au solenoidi (vali ya umeme inayoelekeza oili ili gia ibadilike) isipojibu, hukata umeme wa solenoidi na kuiacha gia boksi kwenye gia moja ili ufike gereji. Mercedes-Benz zenye gia boksi ya 722.6, iliyoanza kutumika mwaka 1996, ukizizima na kuziwasha tena katika hali hiyo hukupa gia ya pili na rivasi tu. Gari huondoka zito, kisha injini hulia barabara kuu kana kwamba inaomba gia nyingine.

Gia boksi iliyokwisha ina dalili zake: injini inapaa lakini gari haliendi, oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, kuna vipande vya chuma au vya klachi. Ukiyakuta hayo, kontroli boksi mpya haitakusaidia kitu.

Hiyo 722.6 ina ugonjwa ambao kila fundi anapaswa kuujua. Plagi ya pini 13 inayoingia ubavuni mwa gia boksi ina ringi za mpira, na ringi zikichoka oili hupenya. Haidondoki chini tu. Hupanda ndani ya nyaya, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kandili, mpaka ikafika kwenye kontroli boksi iliyo mbali kabisa na gia boksi. Kwa hiyo kabla ya lolote, chomoa plagi ya kontroli boksi utazame. Ukikuta oili, badilisha kwanza kile kishikio cha plagi pamoja na ringi zake, kisha safisha nyaya na pini. Ukifunga boksi mpya kwenye nyaya zilizolowa, nayo italowa. Na ikiwa mashine ya kusomea makosa inataja sensa za mzunguko, N2 au N3, hizo ziko kwenye sahani ya umeme ndani ya gia boksi yenyewe. Sahani hiyo hubadilishwa kwa kushusha sampu, bila kushusha gia boksi.

"Mashine imesema solenoidi, basi ni solenoidi."

Koda, yaani namba ya kosa, hutaja njia nzima ya umeme. Kwenye njia hiyo kuna solenoidi, waya, plagi, na transista iliyo ndani ya kontroli boksi, na kosa linaweza kuwa popote kati ya hivyo vinne.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 huhitaji kipande cha waya tu kusoma koda. Hakikisha swichi ya O/D (overdrive, gia ya juu) imewashwa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye plagi ya kupimia, fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, halafu hesabu taa ya O/D OFF inavyomweka. 42 ni sensa ya mwendo, 62 ni solenoidi ya kwanza, 63 ya pili, 64 ni ile ya kufunga konvata, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi. Kwenye Subaru nyingi za zamani, taa ya joto la oili ya gia boksi ikimweka mara 16 baada ya kuwasha injini, ujue kuna kosa limehifadhiwa.

Sasa shika mita. Solenoidi ya kwanza na ya pili za Toyota hizo husoma omu 11 hadi 15. Pima ukiwa kwenye plagi ya kontroli boksi, si kule chini kwenye gia boksi, maana kwenye plagi hiyo unapima solenoidi na waya wake kwa pamoja. Isiposoma kitu, njia imekatika. Ikikaribia sifuri kuna shoti, na shoti hiyo huenda ndiyo iliyoua kontroli boksi, nayo itaua hata utakayonunua. Ikisoma 13 safi na koda bado inarudi, hapo ndipo boksi inaanza kushukiwa.

Na betri jamani! Ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka kati ya 13.8 na 14.4. Ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) yenye kutu peke yake inatosha kuifanya kontroli boksi nzima ionekane mbovu.

"Boksi mbovu haiwezi kuua gia boksi."

Inaweza. RAV4 za 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilipata hitilafu ndani ya kontroli boksi, gia zikawa zinaingia kwa kishindo, na walioendelea kuziendesha hivyo waliharibikiwa na gia boksi. Toyota iliongeza udhamini wa boksi hizo hadi miaka 10 au maili 150,000. Ukifunga gia boksi nyingine na kuiacha boksi ile ile ikitoa amri, unaipeleka ya pili ilikokwenda ya kwanza. Tena kwenye gari hizo, kama Toyota nyingine nyingi, kontroli boksi ya gia haiko peke yake: injini na gia hutumia boksi moja.

"Boksi ya mtumba ni kuchomeka tu."

Ukienda kununua spea za mtumba Ilala au Gerezani, Dar es Salaam, nenda na boksi yako mkononi. Linganisha namba yote mpaka tarakimu ya mwisho. Kwa Toyota zenye boksi moja namba huanza na 89661, lakini zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini na aina ya gia boksi. Kama gari lina mfumo wa kuzuia wizi na boksi hiyo ndiyo inayoutunza, funguo zako hazitatambulika na injini haitawaka hadi zisajiliwe. Mercedes-Benz huhitaji boksi iandikiwe taarifa za gari lako. Nissan za CVT (gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua) zina vipimo vya gia boksi yenyewe vilivyohifadhiwa ndani yake, na kontroli boksi huvisoma. Kontroli boksi ya mtumba hufika na vipimo vya gari lingine, na visipofutwa kwa mashine ili visomwe vya kwako, gari litashtuka hata kama boksi ni nzima.

"Ikiungua haitengenezeki."

Boksi nyingi za Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hufa kwa sababu ya kapasita zinazovuja. Kapasita ni za bei ndogo. Anayejua kuchomea risasi akiiwahi kabla maji yake hayajala njia za shaba, boksi hurudi kazini.

Kuchomoa betri nako si tiba. Kunafuta kumbukumbu tu, na kosa lililopo litarudi. Kuna faida baada ya kazi kukamilika, kwenye gari ambazo kumbukumbu yake hufutika hivyo, kwa sababu boksi huanza kujifunza upya. Basi endesha taratibu mpaka oili ipate moto, uipitishe kwenye gia zote bila kukanyaga sana, na usitoe hukumu siku ya kwanza.

Boksi ya zamani usiiache gereji. Koda ikirudi ile ile ukiwa na boksi nyingine, kosa liko kwenye nyaya au ndani ya gia boksi, na hiyo ya zamani huenda bado ni nzima.