Nyuzi Zimetoka, Kidonda Bado

Wengi waliofanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso huamini kwamba nyuzi zikishatolewa, kazi imekwisha. Sivyo. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa baada ya takriban wiki 1, na wakati huo kidonda hakijafikisha hata asilimia 10 ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Kilichofunga ni juu tu.

Kinachowatia watu hofu zaidi huja baadaye: wiki ya 6 hivi, mstari unaoshuka mbele ya sikio na kuzunguka ndewe huwa mwekundu, au mweusi kwa wenye ngozi nyeusi, na mgumu ukiugusa. Hapo ndipo mtu hukimbilia mafuta ya vitamini E, ambayo hayajathibitika kusaidia na huwawasha baadhi ya watu. Kovu linaendelea kujipanga. Hutulia kati ya miezi 12 na 18. Jeli ya silikoni na kinga ya jua ndivyo vya kutegemea, kidonda kikishafunga kabisa. Sigara (na shisha, msijidanganye) hubana mishipa ya damu. Ngozi ya nyuma ya sikio inaweza kufa.

Kovu likivimba na kuvuka mpaka wa kidonda, huenda ni keloidi: mwone daktari mapema.