Mandrake na Cobra: Jinsi Mwanamazingaombwe Alivyopunguziwa Nguvu

Kati ya hadithi za vibonzo vya magazetini vya karne iliyopita ambazo kazi yangu ya uchoraji imenilazimu kuzisoma kwa makini, ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ile ya kwanza ya Mandrake, mwanamazingaombwe anayepambana na wahalifu, iliyoanza kuchapishwa Marekani tarehe 11 Juni 1934 na kuendelea hadi mwezi Novemba mwaka huohuo. Adui katika hadithi hiyo anaitwa Cobra. Siirudii kwa kuwa ni bora kuliko zilizofuata, kwani kasoro zake ni nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba shujaa wake hashindwi na jambo lolote. Ninairudia kwa sababu inaliweka wazi tatizo ambalo mtunzi wake alikuja kulitatua baadaye, na utatuzi huo, kwa maoni yangu, ndio uliomwezesha Mandrake kudumu magazetini kwa karibu miaka 80.

Mtunzi huyo ni Lee Falk, kijana wa St. Louis aliyezaliwa mwaka 1911, ambaye alimbuni Mandrake akiwa bado mwanafunzi. Sampuli za mwanzo alizichora mwenyewe, na aliwahi kueleza bila kificho kwamba sura ya shujaa ilifanana na yake kwa sababu alipokuwa akichora hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama isipokuwa yeye mwenyewe kwenye kioo. Kampuni ya King Features ya New York, ambayo biashara yake ni kununua vibonzo na kuviuza kwa magazeti mengi kwa wakati mmoja, iliikubali kazi hiyo, na uchoraji ukakabidhiwa Phil Davis, mchoraji wa matangazo ya biashara ambaye naye alikuwa mwenyeji wa St. Louis. Davis ndiye aliyempa Mandrake ule utanashati tunaoujua: kofia ndefu nyeusi, joho, suti ya jioni na masharubu membamba yaliyochongwa, yaani mavazi yaleyale waliyovaa wanamazingaombwe wa majukwaani wa enzi hizo.

Ili kuielewa hadithi ya Cobra, ni lazima kwanza kuelewa namna ilivyomfikia msomaji. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi gazeti lilitoa mstari mmoja wa fremu chache, kwa rangi nyeusi na nyeupe, huku toleo la rangi la Jumapili, lililoanza Februari 1935, likiwa na hadithi yake ya pekee. Fremu ya kwanza ya kila siku ilipaswa kumkumbusha msomaji mambo yalipoishia jana, na ya mwisho ilipaswa kumwachia kiu ya kununua gazeti la kesho, kwa hiyo nafasi halisi ya kuisogeza hadithi ilikuwa fremu moja au mbili za katikati. Hadithi ambayo leo mtu anaimaliza kwa kikao kimoja ilimchukua msomaji wa 1934 zaidi ya miezi mitano. Mtindo wa namna hiyo hauna uhai pasipo hatari. Ikiwa jioni ya leo shujaa amezingirwa, msomaji ni lazima aamini kwamba kesho huenda asinusurike.

Hapo ndipo hadithi ya Cobra inapoyumba. Katika miezi hiyo ya kwanza nguvu za Mandrake ni uchawi wa kweli, na mtunzi hajauwekea mpaka wowote. Mtu wa namna hiyo hatishiki kwa bastola, wala hafungiki kwa kufuli, na kila anapobanwa msomaji anajiuliza kwa nini asimalize kazi pale pale. Falk analikwepa swali hilo kwa kumchelewesha shujaa, kumpeleka huku na kumrudisha kule, na matokeo yake ni kwamba Cobra, aliyekusudiwa kuwa mhalifu wa kuogofya, anaonekana anaishi kwa hisani ya Mandrake. Anashindwa mwishoni, kama ilivyotarajiwa tangu juma la kwanza.

Kadiri miaka ilivyosonga, Falk aliubana uchawi huo hadi ukawa kiinimacho kitupu: Mandrake hageuzi kitu, bali huiteka akili ya anayemtazama ikaona kilichogeuka. Wapo wapenzi wa vibonzo wanaosikitikia badiliko hilo na kuliona ni woga wa mtunzi. Mimi naliona kuwa ndiyo hatua ya busara kuliko zote alizochukua katika kazi hii, na kama mchoraji nina sababu ya ziada ya kuipenda, kwa sababu ilimpa Davis jambo la kuchora ambalo maneno peke yake yasingeliweza.

Tuchukue mpangilio ambao umekuwa kama sahihi ya Mandrake. Katika fremu ya kwanza jambazi amemwelekezea bastola. Katika ya pili tunaona mkono wa Mandrake, vidole vimenyooshwa, na juu yake maelezo mafupi kwamba anafanya ishara ya kiinimacho. Katika ya tatu bastola imekuwa nyoka mkononi mwa jambazi, naye anaitupa kwa mayowe. Mtazame nyoka huyo kwa makini. Hakuchorwa kwa mistari hafifu, hakuzungushiwa wingu, wala hakutiwa alama yoyote ya kumpambanua na vitu halisi. Wino wake ni mzito sawasawa na wino wa koti la jambazi, na kivuli chake kinaangukia upande uleule. Kwa muda wa fremu moja msomaji amewekwa ndani ya macho ya mhalifu, anaona anachokiona yeye, ilhali maelezo ya fremu iliyotangulia yamekwisha kumwambia kwamba hakuna nyoka. Kudanganywa na kujua kuwa unadanganywa, vyote kwa pamoja, ni raha ambayo uchawi wa kweli wa 1934 haukuweza kuitoa.

Tena hatari imerudi, kwani bastola iliyoanguka sakafuni bado ni bastola na bado ina risasi, na jambazi aliyejificha nyuma ya mlango bila kuiona ishara ya mkono hana sababu ya kuona nyoka. Kiinimacho kinampa Mandrake sekunde chache tu, na katika sekunde hizo ni lazima mtu mwingine atumie misuli.

Mtu huyo ni Lothar, na hapa msomaji wa Afrika hawezi kupita kimyakimya. Lothar ni mwana wa mfalme kutoka Afrika, mrithi wa shirikisho la mataifa saba, aliyekiacha kiti cha enzi ili apambane na uhalifu pamoja na Mandrake, na yumo tangu hadithi hiyo ya kwanza. Wanahistoria wa vibonzo humtaja kuwa miongoni mwa mashujaa wa mwanzo weusi katika fani hii. Lakini Lothar wa 1934 amevalishwa ngozi ya chui na kofia ya tarabushi, anazungumza Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na kazi yake kubwa ni kutii na kupiga. Nguvu zake zinasifiwa kupita kiasi, akili yake haiulizwi chochote. Kusema kwamba hayo yalikuwa mazoea ya magazeti ya Marekani ya wakati ule ni kweli, ingawa hakuyafanyi yasomeke kwa wepesi.

Davis alifariki Desemba 1964, na mwaka uliofuata Fred Fredericks akashika kalamu ya uchoraji. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa hadithi ya kurejea kwa Cobra, na kuilinganisha na ile ya 1934 ni darasa tosha. Cobra sasa anavaa barakoa ya fedha, na baadaye inabainika kwamba ni Luciphor, mwana wa kwanza wa Theron, mkuu wa chuo cha uchawi kilichoko Himalaya, ambaye pia ni baba yake Mandrake. Adui ni ndugu wa baba mmoja. Anachokiwinda ni mojawapo ya michemraba miwili ya kioo inayoongeza nguvu za akili, na kwa kuwa nguvu za Mandrake zote ni za akili, msomaji anaelewa mara moja ni nini kitakachopotea ikiwa mmoja utamfikia Cobra. Hakuna kitu cha namna hiyo katika hadithi ya kwanza, na kisingewezekana kuwapo, kwa sababu asiye na mpaka wa nguvu hana cha kunyang'anywa.

Lothar naye alibadilika mikononi mwa Fredericks: akaanza kuzungumza Kiingereza sanifu, na mavazi yake yakawa ya kawaida zaidi. Ilikuwa 1965, nchi nyingi za Afrika zimekwisha kupandisha bendera zao, na badiliko hilo, kusema kweli, lilikuwa limechelewa.

Falk aliendelea kutunga hadi alipofariki mwaka 1999, na baada yake Fredericks akawa mtunzi na mchoraji kwa pamoja hadi alipostaafu Julai 2013, akaiacha hadithi iliyokuwa ikiendelea katikati bila mwisho. Magazeti yaliijaza nafasi hiyo kwa kurudia hadithi yake ya mwaka 1995, ambayo nayo inahusu kuwindwa kwa Cobra. Kwa anayetaka kuanza kumsoma Mandrake leo, ushauri wangu ni kuanza na marejeo ya Cobra ya 1965, kisha kurudi nyuma kwa Davis wa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya uchoraji wake, na kuiacha ile ya Juni 1934 hadi atakapokuwa amekwisha kukizoea kiinimacho.