Dumuzi wa tumbaku: maana ya uvamizi ndani ya kasha la siga

Ukifungua kasha la siga, zile sigara nene zilizosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, ukakuta moja ina tundu la mviringo lenye upana wa milimita moja au mbili, fikra ya kwanza ni kwamba kuna mdudu ameingia. Kinyume chake ndicho kweli. Tundu hilo ni la kutokea. Aliyelitoboa alianguliwa mle mle, akala mle mle, akageuka umbo mle mle, na siku alipochomoza hewani alikuwa amekwisha kufanya karibu uharibifu wake wote. Kwa hiyo neno uvamizi, likitumika kwa siga, halina maana ya mdudu mmoja aliyeonekana. Ni kizazi kinachokua ndani ya majani, mahali ambapo jicho halifiki, kikiwa na kila kinachohitaji ili kizae kingine.

Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaopoteza siga zao huzipotezea hapa. Wanamwona mdudu, wanamponda kwa kidole, wanaitupa siga iliyotobolewa, wanafunga kasha na kuona mambo yamekwisha. Wiki nane baadaye, kasha zima lina matundu.

Mdudu mwenyewe kwa jina la kisayansi ni Lasioderma serricorne. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na kichwa kilichoinamia chini ya kifua hata anaonekana ana kibiongo. Jike hutaga mayai yanayoweza kufika 100 katika uhai wake, akiyaficha kwenye mikunjo ya majani na hasa kwenye ncha ya siga iliyo wazi. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Hapo hutoka buu mweupe mwenye vinyweleo, mdogo kiasi cha kupita kwenye mwanya wowote, naye ndiye mharibifu. Hutafuna tumbaku kwa wiki kadhaa huku akikwepa mwanga, akichimba vijia na kuacha nyuma unga wa kinyesi. Kisha hujitengenezea kijumba, hukaa humo akiwa pupa, yaani hatua ya kugeuka umbo, kwa wiki moja hadi tatu, halafu mdudu kamili hutoboa na kutoka. Huyo wa mwisho huishi wiki mbili hadi nne tu wala hali chochote kigumu. Kazi yake ni kujamiiana na kutaga.

Watu huuliza inawezekanaje kiumbe kiishi ndani ya tumbaku, ilhali maji ya tumbaku ni dawa ambayo baadhi ya wakulima wetu hunyunyizia sukuma wiki ili kuua vidukari. Jibu lake ni mojawapo ya mambo ya kustaajabisha sana niyajuayo kuhusu wadudu. Kwenye utumbo wa dumuzi huyu kuna vifuko maalumu vilivyojaa vijidudu vya jamii ya hamira. Hamira hiyo humsaidia kuvunja sumu zilizo katika chakula chake na kumpatia vitamini ambazo jani kavu halina. Mama huirithisha kwa kuipaka juu ya maganda ya mayai. Buu anapoanguliwa hutafuna ganda lake, na kwa tonge hilo la kwanza anapata msaidizi atakayemlinda maisha yake yote. Ndiyo maana ukali wa siga haumtishi, na hakuna aina ya siga iliyo salama kwa kuwa tu ni kali.

Wala hali tumbaku peke yake. Pilipili kavu, tangawizi, bizari, mbegu za dhania, unga, biskuti, hata gundi ya vitabu vya zamani, vyote kwake ni chakula. Mabaki yake yalipatikana katika kaburi la Tutankhamun kule Misri, kwa hiyo amekuwa akikaa na akiba za wanadamu kwa zaidi ya miaka 3,000. Mwenye kasha la siga mjini Kisumu asitazame kasha peke yake. Atazame na kopo la pilau masala jikoni, mfuko wa pilipili ulionunuliwa soko la Kibuye Jumapili ukasahaulika kabatini, na majani ya tumbaku aliyoletewa kutoka shambani. Tumbaku hulimwa Migori, upande wa Kuria hasa, na pia Bungoma na Busia, na fungu la majani makavu likikaa nyumbani muda mrefu bila kuguswa ni makazi mazuri ya mdudu huyu. Akiwa mzima huruka, hasa giza linapoingia, na umbali kutoka rafu ya viungo hadi sebuleni si kitu kwake.

Sasa tufike kwenye joto, maana hapo ndipo uvamizi wa Kisumu unapoachana na wa Nakuru.

Dumuzi hana joto lake mwenyewe. Ukuaji wake unafuata hali ya hewa inayomzunguka. Kwenye nyuzi 30 za selsiasi, safari yote kutoka yai hadi mdudu anayeruka inaweza kwisha kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye nyuzi 20 huchukua miezi mitatu hadi minne. Ukishuka chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji unasimama: mayai hayaanguliwi, na mabuu wanabaki walivyo wakingoja. Kisumu uko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria. Mchana joto hufika nyuzi 28 hadi 30 karibu mwaka mzima, na usiku hautoi nafuu kubwa. Nakuru uko kama mita 1,850, na usiku wake ni wa kuvaa sweta. Chukua makasha mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja yakiwa na mayai sawa, weka moja Kisumu na jingine kwenye chumba cha upande wa kivuli huko Nakuru. La Kisumu litapitisha vizazi vitano au zaidi kwa mwaka. La Nakuru huenda likakaa miezi mingi bila dalili, mwenyewe akadhani amenunua siga safi, mpaka Januari au Februari jua linapokolea na chumba kikapata joto.

Hapo pia panaonyesha kwa nini ni vigumu kumlaumu muuzaji kwa haki. Yai linaweza kuwa lilitagwa shambani, ghalani, dukani, au kwenye sebule yako. Na unyevu wa asilimia 65 hadi 70 ambao siga inauhitaji ili jani lisikauke na kupasuka, ndio unyevu anaoupenda mdudu. Huwezi kumkausha yeye bila kuikausha siga. Kilichobaki mikononi mwako ni joto, yaani kulishusha.

Kwa nyumba ya kawaida dawa ni friza. Mzee mmoja anayeishi Milimani, Kisumu, aliniuliza kwa mashaka, "Mwanangu, siga hizi nimeletewa na shemeji kutoka ng'ambo. Kweli nizilaze pamoja na mbuta?" Nikamjibu, "Zilaze, mzee, lakini zifunge kwanza zisipate hata chembe ya harufu." Swali lake lilikuwa la maana. Siga hunyonya harufu haraka, na friza nyingi za huku kwetu zimejaa samaki. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017, kilicho rahisi kupata ni kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana kwa mpira. Tumia makopo mawili, dogo ndani ya kubwa. Jaza siga mpaka nafasi ya hewa iwe ndogo, maana hewa nyingi huacha maji yagande juu ya majani.

Friza iwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Hakikisha kwa kipimajoto, usiamini kitasa cha kuzungusha. Sehemu ya barafu iliyo ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi haifiki huko. Siku tatu huua mayai, mabuu, pupa na wadudu wazima katika siga chache zilizotandazwa. Kwa kasha zima lililojaa mimi husema wiki nzima, kwa sababu baridi huchelewa kufika katikati ya fungu, na walio katikati ndio watakaoanza upya. Stima ikipotea saa nyingi katikati ya shughuli hii, anza kuhesabu siku upya friza itakapokuwa imerudia baridi yake. Baridi ya nusunusu humlaza buu bila kumuua.

Kutoa nako kuna utaratibu wake. Hamisha kopo kutoka friza hadi kwenye friji ya kawaida, likae siku nzima, ndipo ulitoe nje likae siku nyingine bila kufunguliwa. Ukilifungua likiwa bado baridi, unyevu wa hewa ya Kisumu utaganda juu ya siga zenyewe, jani la nje litavimba na kupasuka. Likibaki limefungwa, maji hayo yatakaa nje ya kopo.

Siga zikiwa frizani, shughulikia kasha. Mwaga vumbi lote, fyonza pembe na maungio, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yaliyochemshwa na kupoa. Sabuni na pafyumu ziwe mbali. Kama kasha linaingia frizani, nalo liingie. Harufu ya mbao za mwerezi zinazotengenezea makasha hayo inasifiwa kuwa inafukuza wadudu, lakini haiwezi kumfikia buu aliye ndani ya siga, na kasha lisilo na dosari yoyote linaweza kuvamiwa sawasawa na jingine.

Kuna mambo ya kuepuka, na moja ni la uhai na kifo. Vidonge vya fumigesheni vya alumini fosfidi, vinavyouzwa kwa ajili ya mahindi ghalani, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua watu, na haina dawa ya kuipinga mwilini. Usikiweke kidonge hata kimoja ndani ya kasha, wala kwenye chumba kinachopakana na cha kulala, hata mtu akikuhakikishia kwamba kwake kilifanya kazi. Kwenye maghala makubwa ya tumbaku gesi hii hutumiwa na wataalamu wenye vifaa, na hata huko wamepatikana madumuzi waliokwisha kuwa sugu kwake.

Dawa ya kupuliza haifai. Pareto, ambayo Nakuru inaijua vizuri kwa kuwa kiwanda chake kiko pale, ni dawa ninayoiheshimu, lakini huua mdudu anapoguswa nayo. Buu aliye ndani ya siga haguswi, nawe utabaki na dawa kwenye kitu unachokitia mdomoni. Nafthalini nayo itaharibu ladha siku ya kwanza. Jua, ambalo kwa mahindi ni msaada mkubwa, kwa siga ni hasara tupu: jani litakauka kabla joto la kuua halijafika ndani.

Mitego ya gundi yenye harufu ya jike ipo, na ina faida yake, ila ieleweke inafanya nini. Hunasa madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa haijali, anaendelea kutaga. Ukikuta dume mtegoni umepata habari kwamba kuna kizazi mahali fulani, basi rudi kwenye friza na kabati la viungo. Mtego usioguswa kwa miezi ni habari njema.

Swali linalobaki ni lini useme uvamizi umekwisha. Kipimo ni muda wa kizazi kizima mahali unapoishi. Baada ya kugandisha, gonga kila siga polepole juu ya karatasi nyeupe, zirudishe kwenye kasha safi, tandika karatasi nyingine nyeupe chini yake, uiangalie kila wiki. Unga wa hudhurungi ukianguka tena, kuna aliyenusurika au aliyeingia upya. Kisumu, miezi mitatu bila unga na bila tundu jipya inatosha. Nakuru ngoja mitano, na iwe inajumuisha miezi ya joto. Siga zilizotobolewa zaweza kuvutwa kama tundu ni moja na liko karibu na ncha ya kuwashia. Zenye vijia virefu hazivuti hewa vizuri, zitupe. Na kama katika miezi iliyotangulia uligawia rafiki au jamaa siga za kasha lile lile, mpigie simu leo azitie frizani kabla hazijakaa na nyingine.